Vyombo, Harufu na Chakula cha Safari: Mwongozo Kamili wa Maswali ya Kila Siku Jikoni

Niliwahi kurudi kutoka safari ya siku tano nikakuta friji imezimika. Nyama ya kwenye friza ilikuwa imeyeyuka, ikachuruzika, ikavunda. Nilitupa kila kilichokuwamo, nikaosha rafu mara tatu, nikaweka bakuli la magadi soda kama wanavyoshauri wengi. Harufu haikubanduka. Siku ya nne nikavuta friji kutoka ukutani, nikachungulia nyuma, na hapo nikakiona: kile kisinia kidogo cha plastiki kilicho karibu na kompresa, kinachopokea maji ya barafu inapoyeyuka. Kilikuwa kimejaa maji ya nyama. Nilikimwaga, nikakisugua kwa sabuni, na jioni yake jikoni pakawa pa kukalika.

Tangu siku hiyo sikimbilii dawa kabla ya kujua uchafu umekaa wapi na ni wa aina gani. Mwongozo huu umeandikwa kwa mtazamo huo. Tutaanza na vyombo, tuje kwenye harufu, tumalizie na chakula cha njiani, ambako pua haina msaada mkubwa kama tunavyodhani.

Sufuria iliyoungua

Ukisikia chakula kinaungua, usikoroge. Kukoroga ndiko kunakosambaza ladha ya moshi. Epua, mimina kilichoko juu kwenye sufuria nyingine bila kugusa ukoko, kisha onja. Mara nyingi sehemu hiyo huwa salama.

Sufuria yenyewe iache ipoe. Maji baridi juu ya chuma cha moto huweza kupinda kitako chake, na kitako kilichopinda hakikai sawa jikoni tena. Ikishapoa, weka maji ya kufunika palipoungua, tia vijiko viwili vya magadi soda kwa lita moja, chemsha taratibu kwa dakika kumi hadi kumi na tano, zima, acha yapoe humo humo. Halafu kwangua kwa mwiko wa mti. Ukoko mzito utahitaji kurudiwa, na si ajabu ukalala umelowekwa usiku mzima. Ninaposema magadi soda nina maana ile ya kupikia na kuokea. Costiki ya kutengenezea sabuni ni kitu kingine kabisa, nayo huunguza ngozi.

Kuna jambo moja wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: magadi soda na alumini havipatani. Sufuria ya alumini ikichemshiwa magadi hugeuka kijivu au nyeusi. Haijaharibika, ila haipendezi. Kwa alumini tumia maji yenye siki au maji ya limau, chemsha dakika kumi, utaona weusi unapungua. Na kama hujui sufuria yako ni ya nini, ipime kwa mkono: alumini ni nyepesi kwa umbo lake, na mng'ao wake umefifia kuliko wa stenlesi.

Stenlesi nayo ina malalamiko yake mawili. Rangi za upinde wa mvua zinazotokea baada ya moto mkali hutoka kwa kufuta siki na kusuuza. Vidoa vyeupe vilivyochimbika kama vitobo vya sindano havitoki, kwa sababu hilo ni jeraha la chuma chenyewe: chumvi iliwekwa kwenye maji baridi, ikatulia chini na kula chuma. Weka chumvi maji yakishachemka.

Kikaango cha chuma kizito

Hiki ndicho chombo kinachoulizwa zaidi, na ndicho kinachotupwa bila kosa. Kutu si mwisho wake.

Sugua kutu yote kwa waya wa kusugulia na sabuni ya vyombo mpaka uone chuma kitupu. Suuza, kaushe, kisha kiweke juu ya moto mdogo dakika chache ili unyevu uliojificha uondoke. Kikiwa bado na uvuguvugu, paka mafuta ya kupikia kila mahali, ndani, nje na kwenye mpini. Sasa inakuja hatua ambayo watu huiruka. Chukua kitambaa kikavu ufute mafuta yote kana kwamba uliyapaka kwa makosa. Futa mpaka kikaango kionekane kikavu. Utando utakaobaki, ambao huuoni, ndio unaotakiwa.

Kiingize kwenye oveni kikiwa kimefunikwa kifudifudi, nyuzi 220 hadi 230 za Selsiasi, saa moja, kisha kiache kipoe humo humo. Joto hilo hugeuza mafuta kuwa utando mgumu ulioshikamana na chuma, na utando huo ndio unaozuia chakula kugandia na kutu kurudi. Rudia mara tatu au nne. Kikitoka kinanata kama kimepakwa asali, hukufuta vya kutosha. Asiye na oveni anaweza kufanya juu ya jiko, madirisha yakiwa wazi, ila kingo hazitapata joto sawa na kitako.

Je, kinaoshwa kwa sabuni? Kinaoshwa. Sabuni ya vyombo ya siku hizi haina ukali wa kubandua utando huo. Kinachoubandua ni kulowekwa na kupikiwa vitu vichachu kwa muda mrefu, kama rojo la nyanya linalochemka saa nzima. Osha, kaushe juu ya moto, pangusa tone la mafuta, hifadhi.

Vikaango vile vyenye utando wa kiwandani usioshika chakula vinataka kinyume chake: moto wa wastani, mwiko wa mti, na visiachwe jikoni vikiwa vitupu. Utando huo huanza kuvunjika joto likipita nyuzi 260 hivi, na mvuke wake unaweza kuua ndege wa kufugwa ndani na kumwachia mtu dalili zinazofanana na mafua. Ukianza kubanduka magamba, kikaango kimemaliza kazi yake. Kipande ulichomeza bila kujua kisikutie hofu, hupita tumboni kama kilivyoingia.

Kisu, na presha kuka

Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa kuwa unakisukuma kwa nguvu na kinateleza. Lowesha jiwe la kunolea lenye chembe za kiwango cha 1000, laza kisu kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20, sukuma kuanzia karibu na mpini kwenda nchani, ukirudia mpaka upande wa pili kidole kihisi kijikingo kinachokwaruza. Geuza, fanya hivyo hivyo. Jaribu kwenye karatasi: kikipita bila kuchana, kimekubali. Kisu chenye makali pia hupunguza machozi ya vitunguu, maana hukata badala ya kuponda, na ni kuponda kunakotoa ule mvuke mkali.

Presha kuka hupandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120, ndiyo maana maharage huiva haraka. Usiijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharage, dengu au nafaka usipite nusu, kwa sababu povu lake hupanda na kuziba tundu la mvuke. Kabla ya kila matumizi inua kifuniko kuelekea kwenye mwanga utazame kupitia tundu hilo. Usipoona mwanga, zibua kwanza. Mvuke ukitokea pembeni badala ya kwenye tundu, ni mpira: umekauka, umechanika au umekaa vibaya. Na kifuniko kisichofunguka kinakwambia presha bado imo. Kisubiri.

Harufu: jua unapambana na nini

Shombo la samaki hutokana na kemikali za jamii ya besi, na besi huzimwa na asidi. Ndiyo sababu limau, ndimu na siki vinafanya kazi mikononi na kwenye kibao cha kukatia, na ndiyo sababu sabuni peke yake mara nyingi hushindwa. Paka maji ya limau, acha dakika moja, kisha osha kwa sabuni. Mbao za kukatia sugua kwa chumvi ya mawe na nusu limau, suuza, ukaushe ubao ukiwa umesimama ili pande zote mbili zipate hewa. Ukilazwa ukiwa na maji, unaota ukungu chini na kupinda.

Kitunguu saumu ni habari nyingine, kwa sababu harufu yake inatokana na kemikali zenye salfa. Kuna ushauri maarufu wa kusugua vidole kwenye kijiko cha stenlesi chini ya maji. Nimeujaribu mara nyingi na sijaona tofauti kubwa na kunawa kwa chumvi na sabuni. Kijiko hakidhuru, lakini usinunue kile kipande cha chuma kinachouzwa kama sabuni.

Vyombo vya plastiki hunuka kwa sababu mafuta ya chakula, yakibeba harufu na rangi, hupenya ndani ya plastiki yenyewe. Glasi haina tatizo hilo. Osha chombo kwa maji ya moto na sabuni, halafu kipake uji mzito wa magadi soda na maji, acha usiku kucha. Asubuhi suuza, kaushe, kisha kitandike juani siku nzima kikiwa wazi. Jua hufifisha hata ile rangi ya chungwa inayoachwa na nyanya. Ikibaki harufu kidogo, jaza magazeti yaliyofinyangwa, funga siku mbili. Na kifuniko usikisahau: harufu ya chombo kizima mara nyingi imejificha kwenye mpira wa kifuniko, ambao hutolewa kwa ncha ya kijiko na kuoshwa peke yake. Mpira wa presha kuka ni wa kundi hilo hilo. Mimi nina mipira miwili, mmoja wa mchuzi na mmoja wa vitu vitamu.

Chupa ya chai na hotipoti zinanuka kwa sababu zilifungwa zikiwa na unyevu. Kijiko cha magadi soda, maji ya moto hadi juu, saa mbili, suuza. Baada ya hapo zihifadhi zikiwa zimefunguliwa daima.

Friji inayonuka, hatua kwa hatua

1. Zima, chomoa waya, toa kila kitu. Kinachotia shaka kitupe.
2. Toa rafu na droo, acha zipate joto la chumba kabla ya kuziosha kwa maji ya moto, la sivyo rafu za kioo zinaweza kupasuka.
3. Futa ndani kwa maji ya uvuguvugu yenye vijiko viwili vya magadi soda kwa lita moja.
4. Fungua mikunjo ya mpira wa mlango kwa kidole na uipitie yote kwa mswaki. Hapo ndipo maziwa na mchuzi hujificha.
5. Tafuta kitundu cha kutolea maji nyuma kwa ndani, kizibue kwa mrija laini na maji ya uvuguvugu.
6. Vuta friji, safisha kile kisinia nilichokisimulia.
7. Acha mlango wazi saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Ukishamaliza hayo, magadi soda yana nafasi yake. Yaweke kwenye sahani pana, si kwenye pakiti iliyotobolewa tundu, kwa sababu kinachofanya kazi ni uso unaokutana na hewa. Wakati upo hapo pima mpira wa mlango: funga mlango juu ya karatasi, uivute. Ikitoka bila kukinza, baridi inatoroka. Ndani pawe nyuzi 4 au chini, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sinki likinuka, jiulize kama linatumika. Chini yake kuna bomba lililopinda linaloshikilia maji kidogo, na maji hayo ndiyo yanayozuia hewa ya bomba la maji machafu isipande. Sinki lisilotumika wiki kadhaa hukauka pale, na tiba yake ni kumwaga maji tu. Kama linatumika kila siku, basi ni mafuta. Weka ndoo chini, fungua kona hiyo, isafishe. Mafuta ya kukaangia yasimwagwe sinkini. Yakipoa huganda njiani.

Maikrowevu: bakuli la maji yenye vipande vya limau, mwiko wa mti ndani yake, dakika nne, kisha acha mlango umefungwa dakika tano nyingine ndipo ufute. Mwiko huo una sababu. Maji kwenye maikrowevu yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, halafu yakakulipukia usoni unapoyagusa.

Sasa maonyo mawili. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki, limau, wala kisafishio chenye amonia. Michanganyiko hiyo hutoa gesi ya sumu, na jikoni kwenye dirisha moja ni mahali pabaya pa kulijua hilo. Pili, harufu ya gesi ya kupikia usiifukizie ubani. Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo hutiwa makusudi ili uijue ikivuja. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, toka nje. Gesi ya mtungini ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu pekee halitoshi. Hewa ikishasafika kabisa, paka povu la sabuni kwenye mpira na regyuleta huku mtungi ukiwa umefunguliwa kidogo. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Usitafute kwa kiberiti.

Chakula cha safarini

Jikoni pua ni rafiki. Safarini inadanganya, kwa sababu bakteria wengi wanaoumiza tumbo hawabadilishi harufu wala ladha ya chakula. Kiporo kinaweza kunukia vizuri na bado kikakulaza kitandani. Badala ya kunusa, angalia saa.

Kati ya nyuzi 5 na 60 bakteria huzaliana haraka. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto hilo zaidi ya saa mbili, na siku yenye joto la kupita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Basi chakula cha njiani kiwe cha moto kweli, cha baridi kweli, au kikavu. Cha uvuguvugu ukile kabla hujaondoka.

Wali unahitaji uangalifu wa pekee. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye chembe zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Kama wali ni wa kubeba baridi, utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja.

Kwa chakula cha moto, pima kwanza chombo chako nyumbani. Jaza maji yanayochemka, funga, subiri saa zile zile utakazokuwa njiani, fungua, tia kipimajoto. Yakiwa juu ya nyuzi 60, unaweza kukiamini kwa safari ya urefu huo. Na kama chupa ya chai, ile yenye utupu (nafasi isiyo na hewa) kati ya kuta zake, inapata joto kwa nje muda mfupi baada ya kumiminwa maji ya moto, utupu wake umekwisha, ibaki kuwa jagi. Siku ya safari, jaza maji yanayochemka, acha dakika kumi, mwaga, na papo hapo tia chakula kinachofuka mvuke, kijae hadi karibu na mdomo. Nafasi tupu hula joto.

Chakula cha baridi kipoe kwenye friji usiku mzima kabla ya kupangwa. Boksi la barafu hutunza baridi, halitengenezi. Gandisha chupa za maji, ukiacha sehemu ya kumi wazi, kwa kuwa maji yakiganda huongezeka karibu asilimia 9 na kupasua chupa. Nyama mbichi ikae chini kabisa, imefungwa mara mbili. Barafu nyingine iwe juu, kwa sababu hewa baridi hushuka. Ziba nafasi kwa taulo. Vinywaji vipewe boksi lake, maana ndilo litakalofunguliwa kila nusu saa.

Mayai ya kuchemsha yana sifa mbaya kwenye vyombo vya usafiri, na kosa ni la mpishi. Yai likichemka kupita kiasi, salfa ya ute hukutana na madini ya chuma ya kiini, ikaacha ile pete ya kijani na ile harufu. Chemsha dakika tisa au kumi, litumbukize mara moja kwenye maji baridi sana, libebe na ganda lake, na likae kwenye boksi la baridi. Kwa ujumla chakula baridi hunuka kidogo kuliko cha moto, na abiria wa kiti cha mbele atakushukuru.

Vitu vya kukaanga na mikate iache ipoe kabisa kabla ya kufunika. Ukifunga vikiwa na mvuke, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko na kuvilegeza.

Kwenye ndege kuna mambo matatu. Asali, jamu, mtindi, siagi ya karanga na mchuzi huhesabiwa kuwa vimiminika, na viwanja vingi bado hushikilia kikomo cha mililita 100 kwa chombo kwenye mzigo wa mkononi. Barafu iliyoanza kuyeyuka nayo ni kimiminika. Shinikizo la hewa ndani ya ndege hushuka hadi kufanana na la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo vifuniko vya kubana huachia. Punguza hewa ndani ya chombo, zungushia plastiki kwenye mdomo, kisha tia chombo ndani ya mfuko. Visu viingie kwenye mzigo wa chini, makali yakiwa yamefungwa. Barafu kavu, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, kwa kawaida hairuhusiwi kupita kilo 2.5 kwa abiria, kwa idhini ya shirika, ndani ya boksi linalopumua. Kwenye gari dirisha liwe wazi, kwa sababu inapotoweka inageuka hewa ya ukaa.

Mpakani, nyama, maziwa, matunda mabichi na mbegu ndivyo vinavyokamatwa zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya hukataza abiria wengi kuingiza nyama na maziwa, na Australia na New Zealand hutaka kila chakula kitajwe kwenye fomu. Ukiwa na shaka, tangaza. Kilichotangazwa kikikataliwa kwa kawaida unanyang'anywa tu. Kilichofichwa unalipia faini.

Ukifika, kilichobaki ambacho kimepoteza baridi au moto wake kwa zaidi ya saa mbili kitupe, hata kama kinanukia. Osha boksi siku hiyo hiyo, futa kona na tundu la kutolea maji, na liache wazi mpaka likauke kabisa ndipo ulifunike.